Lupango wa Mbali

Jioni moja ya mwezi wa Septemba uliopita binti yetu wa tano na kijana anayemposa waliketi sebuleni mwetu, wakaweka karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilionyesha kodi ya vyumba viwili katika komini ya Kenya, pamoja na malipo ya miezi sita yanayotangulizwa kama dhamana. Ya pili ilikuwa mchoro wa lupango wa mita 20 kwa 30, mbali huko Annexe, mahali ambapo hata sisi tuliozeeka katika mji huu hatujapata kupakanyaga. Fedha waliyoikusanya ilitosha jambo moja tu kati ya hayo mawili. "Baba, mama," alisema kijana kwa heshima, "ninyi mmekaa pande nyingi za mji. Tuambieni, ni wapi pazuri pa kuanzia?"

Hatukuwajibu usiku ule. Mama wa nyumba alimtazama baba wa nyumba, na baba wa nyumba akaitazama taa. Swali lile liliamsha ugomvi wa miaka kumi na mitano ambao tulidhani umekwisha kulala. Tangu siku ile tumezungumza mengi, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tunaandika "sisi" kwa sababu yote tuliyoyapata na tuliyoyapoteza katika kuhama kwetu tuliyapata na kuyapoteza pamoja. Ingawa, kama mtakavyoona, hatukuyaamua pamoja.

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na ulianzishwa kwa ajili ya shaba. Mpaka leo, ukisimama mahali palipo wazi, waweza kuuona mnara mrefu wa kiwanda na, kando yake, mlima mweusi wa mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa. Wabelgiji walijenga mji wao upande mmoja, wakaacha ukanda mtupu wa ardhi, kisha ng'ambo ya ukanda huo wakawapangia Waafrika mahali pa kulala. Sababu waliyoitaja ilikuwa mbu na malaria. Kamalondo ndiyo makazi ya kale zaidi ya ng'ambo hiyo, ikafuata Kenya, na katika miaka ya 1950 zikaongezwa Katuba na Ruashi, kila moja mbali kidogo kuliko iliyoitangulia. Basi mtu wa Ruashi anayelalamika leo kwamba njia ya kwenda kazini ni ndefu, na ajue kwamba urefu huo ulipimwa na kuchorwa mezani kabla baba yake hajazaliwa.

Annexe ni habari nyingine. Komini hii imeuzunguka mji kama ukingo wa sahani unavyozunguka chakula. Kasapa yenye Chuo Kikuu ni Annexe; Kisanga, Kalebuka, Luwowoshi, Kilobelobe na Kasungami pia ni Annexe. Mtu akikuambia "nakaa Annexe", bado hajakuambia lolote; mwulize ni Annexe gani, na maji anachota wapi. Baada ya sheria mpya ya madini ya mwaka 2002 makampuni yalikuja, watu wakamiminika kutoka kila upande, kodi za nyumba zikaanza kudaiwa kwa dola, na wale wasio na dola wakaanza kuutazama ukingo wa sahani.

Sisi tulioana mwaka 1993, tukaanzia Kenya. (Wageni hutuuliza kila mara: Kenya yetu si nchi ya Nairobi, ni komini yenye soko na uwanja wa mpira.) Tulipanga vyumba viwili katika lupango wa nyumba tano, wenye bomba moja katikati ya ua na choo kimoja nyuma ya mwembe. Baba alikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule iliyokuwa umbali wa dakika ishirini kwa miguu. Mama aliuza sombe iliyokwisha kutwangwa, na soko lilikuwa karibu kiasi kwamba aliweza kuacha sufuria motoni, akaenda kuchukua chumvi, akarudi kabla maji hayajachemka. Siku ya mechi tulijua matokeo pasipo redio, kwa kelele za uwanjani. Usiku tulijua nyimbo zote za baa ya jirani, tupende tusipende.

Hatutaki kuwadanganya kwamba maisha yale yalikuwa matamu. Mvua zilipozidi, choo kile kilijaa na maji yake yakatafuta njia ya kupita uani, mahali watoto walipochezea. Kila mwaka wakati huo neno kipindupindu lilitajwa, na tuliyachemsha maji kwa makala ambayo tulihitaji kupikia bukari. Watoto walipofika watano, wavulana na wasichana walitenganishwa kwa pazia. Mwenye lupango alipandisha kodi mara mbili katika mwaka mmoja, kisha akawakataza watoto kucheza mpira, kisha akakataza wageni kulala. Mtu mzima anayeomba ruhusa ili mama yake alale nyumbani mwake usiku mmoja hujisikia mdogo sana.

Lakini kuna usiku ambao hatuwezi kuuacha nje ya hesabu. Mtoto wetu wa tatu alipokuwa na miaka miwili alishikwa na degedege usiku wa manane. Mama alipiga ukelele mmoja tu. Kabla baba hajapata viatu, milango minne ya lupango ilikuwa imefunguliwa. Jirani mmoja alikuja na taa, wa pili alimbeba mtoto mgongoni, wa tatu, ambaye tulikuwa tumegombana naye juma lile kwa sababu ya zamu ya bomba, alitangulia mbio kwenda kuamsha muuguzi. Mtoto alipona. Ugomvi wa bomba uliendelea juma lililofuata, kama kawaida.

Ruashi tulikaa miaka minne, tangu 2004, baba alipohamishiwa shule ya huko. Tutapita haraka, kwa maana tulikaa kama abiria. Barabara zake zilinyoshwa vizuri, nyumba za zamani zina ua wa kutosha kwa mti mmoja na kuku wachache, na wazee wake wanakumbuka nani alijenga nini. Chini ya miguu yao ni shaba: Kalukuluku, ambayo Wazungu waliiita Étoile, ni miongoni mwa mashimo ya kwanza kabisa kuchimbwa na Union Minière. Kwa mama, Ruashi ilimaanisha jambo moja: wateja wake wa sombe walibaki Kenya, na nauli ya kuwafuata ilikula faida. Kwa baba, ilimaanisha kwamba sasa alisikia kila siku walimu wenzake wakizungumza juu ya malupango ya Annexe yanayouzwa kwa bei ya baiskeli mbili tatu.

Jioni za miaka ile baba alikuwa akiwafundisha hesabu watoto wa nyumba fulani za Golf. Kwa hiyo mtaa ule nao tumeujua kidogo, kwa jicho la mtu anayeingia kwa mlango wa mtumishi. Kuta ni ndefu, mbwa wana majina, na kila nyumba ina kisima chake cha mashine. Pampu ikiharibika, mlinzi hutumwa na madumu kwenda kununua maji kwa maskini wenye bomba. Mwanafunzi mmoja aliyefundishwa miaka miwili hakujua jina la mtoto wa ng'ambo ya ukuta. Hata hivyo malipo yalikuwa mema, nasi tuliweka akiba ya dola 600.

Siku moja ya Jumamosi, mwaka 2006, baba alikwenda na wenzake "kutazama tu", akarudi na karatasi. Aliileta kama mtu aletaye zawadi. Mama aliisoma, akaikunja, akauliza: "Maji yako wapi?" Baba akajibu kwamba maji yatakuja. Mama akauliza: "Na shule ya sekondari?" Baba akajibu kwamba hiyo pia itakuja. Hakuna uongo katika majibu hayo. Yote mawili yalikuja. Tutawaambia yalikuja lini.

Mtaa wenyewe hatuutaji, kwa sababu majirani wangetutambua, na kwa sababu ya jambo linalofuata. Mwezi wa pili baada ya malipo tulimkuta mtu mwingine akipima lupango ule ule kwa kamba. Naye alikuwa na karatasi, yenye sahihi ile ile na muhuri ule ule. Aliyetuuzia alikuwa ametuuzia sote wawili. Yule mtu hakuwa mbaya. Alikuwa mwashi mwenye watoto kama sisi, aliyeibiwa kama sisi. Baada ya miezi mingi ya kwenda ofisi moja na kurudishwa ofisi nyingine, tulipatana kwamba sisi tumlipe nusu ya fedha aliyoitoa, naye atutolee karatasi yake. Lupango wa dola 600 ukawa wa dola 900.

Hapa tuseme kama mwalimu, kwa maana wengi wenu mtalikuta jambo hili. Kwa sheria ya mwaka 1973, ardhi ya nchi yetu ni mali ya Serikali. Mtu binafsi hupewa haki ya kuitumia tu. Karatasi ya chifu, au ya mkubwa wa mtaa, au ile iliyoandikwa mezani mbele ya mashahidi wawili, yaonyesha kwamba fedha ilitolewa, lakini haimfanyi mtu kuwa mwenye lupango. Kinachomlinda mtu ni cheti cha uandikishaji kinachotolewa na mtunza hati za ardhi, baada ya kupimwa mipaka, kutiwa sahihi mkataba na Serikali, na kuonekana kwamba mahali pamejengwa kweli. Njia hiyo ni ndefu, nayo ina gharama ambazo muuzaji hazitaji. Anayesema "lupango ni dola 1,000" amekutajia bei ya karatasi ya kwanza tu. Kabla ya kutoa senti moja, nendeni ofisi ya ardhi mkaulize lupango huo umeandikwa kwa jina la nani, kisha mkawaulize majirani waliokwisha kujenga. Sisi hatukuuliza popote. Baba wa nyumba, aliyewafundisha watoto wa watu kuhakiki hesabu mara mbili, hakuhakiki.

Kwenye lupango wetu palikuwa na kichuguu kikubwa kupita nyumba ya vyumba viwili. Mwanzoni tulikiona kama balaa. Mwashi yule yule tuliyegombania naye ardhi ndiye aliyetufundisha kwamba udongo wa kichuguu ni tofali lililo tayari. Likizo nzima tulikichimba na watoto, tukafyatua, tukapanga tanuru, tukachoma kwa kuni za pori lililokuwa bado karibu. Nyumba yetu yote ya kwanza ilitoka katika kichuguu kile, na palipokuwa na kichuguu pakabaki shimo ambalo tulilifanya choo. Tulihamia mwezi wa Julai 2008, wakati wa baridi na ukavu, njia zikiwa ngumu na anga likiwa safi. Watoto walilala wakiwa wametawanyika, kila mmoja na mahali pake. Baba aliamka usiku, akatembea uani, akasikia kimya. Hakuna baa, hakuna mwenye lupango. Alikuwa na furaha isiyo na mipaka.

Mvua zikaanza Novemba.

Mwezi wa Mei uliofuata, mama alichukua daftari la shule lenye mistari, akaanza kuandika jambo fulani kila jioni. Hakusema ni nini. Mwisho wa mwezi aliliweka mezani mbele ya baba pamoja na sahani ya bukari. Alikuwa ameandika saa. Baba njiani, kwenda na kurudi shuleni, kwanza kwa miguu mpaka barabara kubwa kisha kwa basi mbili: saa 78 katika mwezi. Mama, sokoni na kurudi: saa 50. Watoto wawili wakubwa: saa 44. Maji, safari mbili kila siku kwenye kisima cha bondeni: saa 75. Jumla saa 247. Chini yake aliandika hesabu ya fedha. Tulipoondoka Kenya kodi ilikuwa dola 40 kwa mwezi. Nauli ya nyumba nzima ilikuwa sasa dola 31. Mstari wa mwisho ulisema: "Tumepata dola 9. Tumeuza saa 247."

Baba alitafuta kosa katika hesabu ile. Alijumlisha kutoka juu, akajumlisha kutoka chini. Halikuwamo. Ndipo alipokasirika, kama wanavyokasirika watu wanaokosa kosa la kulishika, akasema kwamba lupango hauhesabiwi kwa mwezi, huhesabiwa kwa miaka, na kwamba siku moja mama atashukuru. Huo ndio ugomvi tuliowatajia.

Katika haki, yafaa tumsikilize baba pia. Mwaka 2011 tulikaa miezi minne pasipo mshahara. Kenya tungalitolewa nje na vitanda vyetu katika mwezi wa pili. Annexe tulikula mahindi ya shambani kwetu, lengalenga, maboga na uyoga ambao watoto waliuokota porini mvua zilipoanza. Na hakuna mtu aliyegonga mlango. Mama mwenyewe hulisema jambo hili waziwazi. Binti zetu walikua wakiwa na chumba chao na mlango wake. Mama wa baba alikuja, akalala nyumbani kwetu miezi, si usiku mmoja, na ni hapo alipofia, kati ya wajukuu wake, pasipo ruhusa ya mtu.

Lakini katika daftari lile halikuandikwa jambo kubwa kuliko yote, kwa sababu lilikuwa bado halijatokea.

Mtoto wetu wa tatu, yule wa degedege, alimaliza shule ya msingi mwaka 2009 kwa alama nzuri. Sekondari iliyompokea ilikuwa Katuba. Kutoka kwetu ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ya mtoto, na katika miezi ya mvua zaidi; na asubuhi ilikuwa lazima atoke gizani, kupita mahali ambapo watu wazima walinyang'anywa simu zao. Nauli ya kila siku hatukuwa nayo. Shangazi yake anakaa Katuba, katika lupango wa babu, nyumba ya zamani yenye maembe na watu wengi. Tukasema: akae kwa shangazi Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi aje nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alibeba begi la kitambaa na godoro dogo.

Mwaka wa kwanza alikuja kila Jumamosi. Mwaka wa pili alianza kuwa na mpira Jumamosi. Mwaka wa tatu alikuja kwa sikukuu. Hakuwa mtoto mbaya, na shangazi alimtunza vema, kuliko sisi pengine; alimfundisha mambo ambayo baba yake angepaswa kumfundisha, na binamu zake wakawa ndugu zake. Sekondari ya mtaa wetu ilifunguliwa mwaka 2012. Tulimwambia arudi. Alitusikiliza kwa adabu, akatuomba amalize pale alipoanza, kwa sababu walimu wanamjua. Hatukuwa na neno la kumjibu. Leo ni fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye karakana yake ndogo Katuba, na kila mwezi hututembelea na mkate na sukari, kama mgeni mwenye heshima. Jua likianza kushuka husimama na kusema: "Wazazi, acheni nirudi nyumbani." Hatujui kama ameshawahi kulisikia neno lile jinsi sisi tunavyolisikia.

Mabinti waliomfuata walisoma hapa hapa, dakika kumi kutoka mlangoni. Kati ya mtoto aliyekulia kwetu na mtoto aliyekulia kwa shangazi kuna tofauti ya miaka mitatu tu ya kufunguliwa kwa shule.

Sasa mtaa wetu mkiuona hamtaamini tuliyoyaandika. Mwaka 2014 wakazi tulichanga fedha za miti na nyaya, umeme ukafika, ingawa hauji kila siku. Mwaka 2016 jirani alichimba kisima cha mashine, akaanza kuuza maji kwa dumu. Safari ya bondeni ikaisha. Pikipiki za manseba zinafika mpaka mlangoni. Kuna duka la dawa, kinu cha mahindi, vinyozi watatu na, ole wetu, baa mbili. Wanaotaka kununua lupango wetu wanataja bei mara kumi na tano ya ile tuliyolipa. Mji umetufuata. Pori tulilochomea tofali halipo tena; makala tunayonunua leo yanatoka mbali kuliko tunavyojua, juu ya baiskeli zinazosukumwa usiku kucha.

Ndiyo maana binti yetu na mchumba wake, wakiketi sebuleni chini ya taa, wanaona kwamba baba alishinda ugomvi. Wanasema: "Ninyi mlifaulu. Nasi tutavumilia miaka michache." Binti alikuwa mdogo tulipohamia, anaikumbuka Julai kuliko Novemba. Na lupango unaouzwa leo kwa fedha ya vijana hauko tena mtaani kwetu. Uko mbele zaidi, pale sisi tulipokuwa mwaka 2008: pasipo bomba, pasipo shule, nyumba nne zikiwa mbali hata ukipiga sufuria usiku kuwaita majirani hakuna asikiaye. Ukingo wa sahani umesogea.

Tuliwaita tena Desemba. Baba alikuwa ameandaa maneno marefu. Mama akamtangulia, akaleta lile daftari la Mei 2009, ambalo baba alidhani lilikwisha kuwashia moto miaka mingi iliyopita. Akawaomba mambo mawili tu. Waende kulala kule siku saba, si katika kiangazi bali Januari, mvua ikinyesha. Fundi mmoja anayejenga jirani aliwakubalia chumba kisicho na madirisha. Kisha wakalale siku saba nyingine Kenya, kwa shemeji ya kijana, pembeni ya choo na baa. Na kila jioni waandike saa. Kijana aliuliza kama lazima waandike na saa ambazo hawajazitumia bado, kwa mfano za watoto ambao bado hawajazaliwa. Mama alimtazama kwa muda, akasema: "Hizo ndizo za kwanza kuandika."

Siku saba zile za Kenya na siku saba za Annexe binti alilala kwa shangazi au kwa dada yake aliye karibu, kijana akalala peke yake, kwa maana bado hawajaoana. Mchana walikuwa pamoja. Hilo tunalisema kwa ajili ya wanaopenda kuuliza.

Walirudi Jumapili ya mwisho ya Januari, viatu vikiwa na tope jekundu hadi vifundoni. Daftari lao lilikuwa limelowa pembeni. Binti alikuwa amehesabu hatua kutoka lupango hadi kisima, 1,140, na kurudi na dumu kichwani, 1,312, kwa sababu mwenye mzigo hupiga hatua fupi. Kijana alikuwa ameandika basi aliyoikosa na saa aliyofika kazini. Kwa upande wa Kenya waliandika foleni ya bomba, bei ya kodi kwa miaka mitano, na usiku mmoja ambao hawakulala kabisa. Palikuwa na ukurasa mzima juu ya shule: majina, umbali, na maswali.

Hawajaamua bado. Mwenye lupango anawapigia simu kila juma akisema kuna mnunuzi mwingine. Baba alilichukua daftari lao, akavaa miwani, akaanza kuhakiki hesabu kutoka juu, kama ilivyo desturi yake. Alipofika katikati alisimama, akalisogeza kwa mama pasipo kusema. Mstari mmoja ulikuwa umeandikwa kwa mkono wa binti, uliofuata kwa mkono wa kijana, na pale walipohitilafiana juu ya dakika, waliziandika zote mbili.